Kwa nini nyani mzima anampisha mtoto, na jike aliyeng'atwa anampekua manyoya dume aliyemng'ata?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja jirani na Hifadhi ya Mikumi. Kundi la nyani hupita nyuma ya nyumba za walimu karibu kila asubuhi, na wanafunzi wangu wameshaanza kuwatambua baadhi yao kwa makovu. Juzi tulimwona jike mzima, mwenye mkia uliokatika, amekaa chini ya mkwaju anakula. Akaja mtoto wa kike, mdogo kabisa, akasimama tu mbele yake. Yule mama akainuka akaenda zake, ukwaju akauacha. Siku hiyohiyo dume mmoja alimkimbiza jike mwingine akamng'ata shingoni, jike akapiga kelele za kutisha. Haikupita muda mrefu tukamwona jike yuleyule ameketi nyuma ya dume huyo, anampekua manyoya. Wanafunzi wananiuliza mkubwa wa kundi ni nani, na kama nyani wanasameheana. Na je, ni kweli wanagombana zaidi kwa sababu ya vyakula vinavyorushwa barabarani?"

JIBU: Mwalimu, nianze na yule mtoto wa chini ya mkwaju, maana ukishamwelewa yeye mengine yatafunguka yenyewe.

Nyani wenu wa Mikumi ni wale wa manjano, ndio haohao wa Amboseli kule Kenya, chini ya Kilimanjaro. Kwao jike hahami. Anazaliwa, anakua, anazaa na kufa katika kundi lilelile, akiwa na mama yake, dada zake, mama zake wadogo, na bibi kama bado yupo. Anayeondoka ni dume, kwa kawaida akiwa na umri wa miaka saba au minane, akajitafutie nafasi katika kundi lisilomjua. Kwa hiyo uti wa mgongo wa kundi ni koo za majike, na koo hizo zimepangwa ngazi kwa ngazi. Ukoo wa juu huwa juu pamoja na watoto wake, ukoo wa chini huwa chini pamoja na watoto wake, na ukubwa wa mwili hauhesabiwi sana.

Binti hupata nafasi iliyo chini kidogo tu ya mama yake. Mama akiwa wa tatu, binti atawazidi majike wote walio chini ya mama, hata wale waliokwisha kuzaa mara nne au tano. Na kwa dada wa tumbo moja mambo yanapinduka: mdogo humpita mkubwa, kwa sababu mama humtetea yule mchanga dhidi ya dada zake. Hivyo binti wa mwisho anakaa karibu na mama, na kifungua mimba anasukumwa chini kila mdogo wake anapokua. Kwa kawaida mpangilio huu unakuwa umeshakamilika kabla binti hajavunja ungo, na ungo wa nyani huvunjwa akiwa na umri wa miaka minne na nusu hivi.

Yule mtoto mliyemwona ametoka ukoo wa juu, na jike wa mkia uliokatika ametoka ukoo wa chini. Ni kama mtoto wa mwenyekiti wa kijiji anapokatisha foleni kisimani: anayeogopwa si yeye. Mara nyingine tukio kama hilo likitokea, mwambie mwanafunzi mmoja asimtazame mtoto, amtazame anayepisha. Kabla hajainuka, mara nyingi atatupa jicho pembeni kuangalia mama wa mtoto yuko umbali gani. Mtoto naye atakuwa ameinua nyusi mpaka kope zake nyeupe zionekane, pengine akapiga ardhi kwa kiganja. Nyuma yake, mita kumi au ishirini, mama ameinua kichwa tu. Hajasogea wala hajatoa sauti, na hiyo imetosha.

Kwamba wanyama hawa wanajua nani ni mtoto wa nani, jambo hilo lilipimwa kwa jamaa zao, tumbili. Dorothy Cheney na Robert Seyfarth, waliofanya kazi Amboseli na tumbili kuanzia mwaka 1977, waliwarekodi watoto wa tumbili wakilia kama wanavyolia wanapoonewa. Kisha wakaficha spika kichakani na kuicheza sauti ya mtoto mmoja wakati mama yake ameketi na majike wengine wawili. Mama aligeuka kuitazama spika. Wale wawili walimgeukia mama. Sauti ya mtoto peke yake, mtoto mwenyewe haonekani, iliwatosha kujua ni wa nani na nani atakayeinuka kwenda kumtetea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1980, na bado nayahesabu kuwa kati ya majaribio mazuri kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika mbuga zetu, kwa sababu hakuna mnyama aliyefungiwa wala kufundishwa chochote. Waliulizwa kwao, kwa lugha yao, wakajibu kwa macho.

Ujuzi huo wa koo una sura yake mbaya pia. Watafiti haohao waliona kwamba tumbili wawili wakigombana, baada ya muda ndugu wa mmoja huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumtisha ndugu wa mwingine, watu ambao hawakuwepo kabisa kwenye ugomvi wa kwanza. Yaani kisasi kinahamia ukoo. Kwa hiyo ukiona jike anamvamia mwenzake "bila sababu", kabla ya kusema hana sababu jiulize nusu saa iliyopita dada zao walikuwa wanafanya nini.

Sasa tuje kwa madume. Huku taratibu ni nyingine kabisa. Dume hakurithi kitu, kwa sababu amefika kwenye kundi hili mgeni. Ana uzito wa kilo 25 hivi, karibu mara mbili ya jike, na ana chonge ambazo huzionyesha kwa kupiga miayo mirefu mbele ya mpinzani. Miayo hiyo si usingizi, waeleze wanafunzi. Cheo chake kinatokana na nguvu, ujasiri na umri: hupanda akikomaa, hukaa juu miezi kadhaa, mara chache miaka, kisha hushushwa na kijana aliyefika karibuni. Watu wetu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Madume wa nyani wanakaa, tena wengi, na hilo ndilo linalofanya maisha yao yawe ya hesabu kali. Dume aliyechoka meno hana njia ya kumshinda kijana ana kwa ana, lakini wazee wawili wakiungana wanamshinda.

Craig Packer alilieleza jambo hili mwaka 1977 kutokana na nyani wa Gombe, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Dume mmoja anakuwa amemshika jike aliye tayari kupandwa, anamfuata hatua kwa hatua, hamruhusu mwingine asogee. Dume wa pili anamwendea wa tatu, anamtazama usoni, anageuza kichwa haraka kumtazama adui, anarudi tena kwa rafiki, tena kwa adui. Huo ndio mwaliko. Wawili wakikubaliana wanamvamia mwenye jike, na katika vurugu aliyeomba msaada ndiye kwa kawaida anayeondoka na jike. Aliyesaidia hapati kitu siku hiyo, isipokuwa majeraha kama bahati ni mbaya. Lakini Packer aliona kwamba madume waliokuwa wepesi kuwasaidia wenzao ndio pia waliosaidiwa mara nyingi walipoomba. Kijana mwenye nguvu asiye na mshirika anaweza kushika nafasi ya kwanza na bado akanyang'anywa na wazee ambao mmojammoja angewatimua wote.

Na hiyo nafasi ya kwanza ina gharama. Huko Amboseli, Laurence Gesquiere na wenzake walipima homoni za msongo kwenye kinyesi cha madume, wakachapisha matokeo mwaka 2011: dume wa kwanza alikuwa na kiwango cha juu kuliko dume wa pili. Wa pili anakula vizuri, anapata majike mara kwa mara, na hana wa kumlinda saa zote. Wa kwanza hapumziki. Wanafunzi wakikuuliza mkubwa wa kundi ni nani, jibu la kwanza ni kwamba kuna ngazi mbili zinazokwenda sambamba, ya madume inayopinduka kila baada ya muda mfupi na ya majike ambayo inaweza kubaki vilevile kutoka kwa bibi mpaka mjukuu. Jibu la pili ni kwamba mkubwa si lazima awe kiongozi wa njia. Kundi moja la nyani wa Kituo cha Utafiti cha Mpala, Laikipia, lilivishwa kola zenye vipimo vya satelaiti, na taarifa yake ikatoka mwaka 2015. Wenye vyeo hawakuwa na sauti zaidi katika kuamua kundi liende wapi. Nyani alitazama wangapi wanaelekea upande gani. Pande mbili zikipishana kidogo, alipita katikati. Zikipishana sana, alifuata walio wengi.

Nimeeleza ugomvi na vyeo kirefu, lakini ukikaa na nyani kutwa nzima unaona kwamba ugomvi ni dakika chache. Sehemu kubwa ya muda wasiokula wala kutembea wanautumia kupekuana manyoya. Hapo ndipo siri ya maisha yao ilipo, na hapo ndipo ningependa wanafunzi wako watazame zaidi.

Faida ya kwanza ya kupekuana ni ya wazi: kupe. Mtafiti wa Kenya, Mercy Akinyi, pamoja na wenzake waliwachunguza nyani wa Amboseli na kuonyesha mwaka 2013 kwamba waliopekuliwa zaidi walikuwa na kupe wachache, na wenye kupe wachache walikuwa na damu yenye afya zaidi. Sehemu anazosaidiwa nyani na mwenzake ni zile mkono na jicho lake havifiki vizuri: shingoni, nyuma ya masikio, mgongoni. Tazama namna anayepekuliwa anavyolala chali, mkono umeinuliwa juu, macho yamefumba nusu. Mnyama anayeishi kwa kuwachungulia chui anamwachia mwenzake koo lake. Kwa kima wa Asia wanaoitwa makaka imepimwa kwamba mapigo ya moyo hushuka wakati wa kupekuliwa, na ukimwangalia nyani katika hali hiyo wala hushangai.

Faida ya pili haionekani kwa siku moja. Utafiti wa Amboseli ulianzishwa na Jeanne na Stuart Altmann mwaka 1971 na haujakatika tangu hapo. Kila nyani ana jina, mama yake anajulikana, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa au kutoweka imeandikwa. Kazi hiyo imebebwa kwa miongo kadhaa na watu wa hukuhuku: Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere wamekuwa wakitoka alfajiri kuwafuata nyani hao kwa miguu mwaka baada ya mwaka, na bila macho yao tusingejua haya ninayokuandikia. Mwaka 2003 Joan Silk, Susan Alberts na Jeanne Altmann walichukua kumbukumbu za miaka 16 wakauliza swali moja: ni mama wa aina gani ambaye mtoto wake anafikisha mwaka mmoja? Wakaona kwamba mama aliyekaa na wenzake kwa wingi, aliyepekua na kupekuliwa, watoto wake walipona zaidi. Na hilo lilikuwa kweli kwa majike wa vyeo vya juu na wa chini pia. Mama wa ukoo wa chini mwenye marafiki hakuwa maskini kama cheo chake kilivyoonyesha. Miaka saba baadaye, kwa nyani wa Moremi nchini Botswana, ikaonekana kwamba majike wenye marafiki wa kudumu, walewale mwaka hadi mwaka, waliishi muda mrefu zaidi.

Kinyume chake kinauma kukisoma. Mwaka 2016 watafiti wa Amboseli walihesabu shida ambazo binti anaweza kukutana nazo utotoni: kuzaliwa mwaka wa ukame, kufiwa na mama mapema, mama wa cheo cha chini, mama asiye na marafiki, kundi lenye msongamano, mdogo anayezaliwa haraka na kumwachisha ziwa. Mabinti waliofika utu uzima wakiwa wamepitia shida tatu au zaidi walikufa takriban miaka kumi mapema kuliko waliopitia moja au hakuna. Miaka kumi, kwa mnyama ambaye jike wake akifika miaka 20 ni mzee. Kwa hiyo yule jike wa mkia uliokatika usimwone kama mnyonge tu anayenyang'anywa ukwaju. Muulize mwanafunzi: akitoka pale anakwenda kukaa na nani? Kama kuna dada au rafiki anayemsubiri upande wa pili wa mkwaju, hali yake ni tofauti kabisa na ya anayekwenda kukaa peke yake.

Kisa cha Sylvia kinaonyesha jambo hili kwa karibu. Alikuwa jike wa cheo cha juu huko Moremi, mkali, asiyewajali walio chini yake. Mwenzake mkubwa alikuwa binti yake Sierra, waliyekuwa wakipekuana kila siku. Sierra akauawa na simba. Kwa muda Sylvia alikaa bila mtu, kisha akaanza kuwaendea majike wengine, hata wale wa chini sana ambao zamani wangemkimbia, akitaka kuwapekua manyoya. Anne Engh na wenzake, waliopima homoni za majike waliofiwa katika kundi hilo, waliona mwaka 2006 kwamba msongo wao ulipanda baada ya msiba na kushuka baada ya takriban mwezi, na kwamba katika kipindi hicho waliongeza idadi ya wenzi wa kupekuana. Hawakujificha. Walikwenda kutafuta watu wapya.

Sasa yule jike aliyeng'atwa. Kwanza tazameni kama ana uvimbe mwekundu matakoni, dalili kwamba yuko tayari kupandwa. Kama anao, dume huenda alikuwa anamzuia asiende kwa dume mwingine. Kama hana, mara nyingi kosa si lake hata kidogo. Dume aliyeshindwa na dume mwenzake humgeukia aliye dhaifu na kumalizia hasira kwake. Nimeliona jambo hili mara nyingi mno, na kila mara linanichoma, kwa sababu aliyepigwa hakuwa hata akitazama upande ule.

Lakini kwa nini amrudie na kumpekua? Baada ya ugomvi, hatari ya kupigwa tena bado ipo, na aliyepigwa anaijua. Ishara yake ni kujikuna. Nyani mwenye wasiwasi hujikuna ovyo, mkono, ubavu, mkono tena, hata kama hakuna kinachomwasha. Watafiti waliowafuata nyani nchini Kenya waliona kwamba kujikuna huku huongezeka baada ya ugomvi na hupungua pale wawili wanapokaribiana tena kwa amani. Majike wa Moremi wana njia fupi zaidi: mshindi humsogelea aliyemshinda na kutoa miguno ya chini, laini, ya kifuani. Cheney na Seyfarth walirekodi miguno hiyo na kuichezea wanyonge baada ya ugomvi. Aliyesikia mguno wa mbaya wake alikubali tena kumkaribia. Aliyechezewa mguno wa jike mwingine asiyehusika hakubadilika. Baadaye ikaonekana kwamba hata mguno wa ndugu wa mkosaji hufanya kazi hiyohiyo: dada akiguna kwa niaba ya dada, aliyekosewa anatulia.

Waambie wanafunzi wako kwamba ndiyo, nyani wanapatana, na kupatana huko kunapimika. Ila kwa yule jike na yule dume kuna mizani ya kuangalia. Mwenye haja kubwa ya amani ndiye anayesogea, na hapa mwenye haja ni jike. Dume ni karibu mara mbili yake. Kama ana mtoto mchanga, haja inazidi. Barbara Smuts, aliyewafuata nyani wa Gilgil nchini Kenya, alionyesha kwamba jike anayenyonyesha huwa na dume mmoja au wawili maalumu anaokaa karibu nao, anaowapekua, ambao humtetea yeye na mtoto. Vipimo vya vinasaba vya Amboseli vya mwaka 2003 vikaonyesha kwamba madume huwatetea watoto wao wenyewe kwenye ugomvi zaidi ya watoto wa wengine, ingawa jike hupandwa na madume kadhaa. Huenda basi dume yule aliyemng'ata asubuhi ndiye atakayemkinga mtoto wake jioni. Hilo halimfanyi asiwe mkatili. Linaeleza kwa nini jike hana anasa ya kumnunia.

Wala ukatili huo si sheria isiyobadilika. Robert Sapolsky aliwafuata nyani wa Maasai Mara kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1983 na 1986, madume wakorofi wa kundi moja waliokuwa wakienda kupigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli moja ya watalii walikula nyama yenye kifua kikuu wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Kwa kawaida ungetegemea madume wageni waingie na kurudisha ukorofi. Miaka kumi baadaye madume wote wa mwanzo walikuwa wameshaondoka au kufa, wageni wamejaa, na kundi lilikuwa bado na upole wake: walio chini hawakuonewa ovyo, watu walipekuana zaidi, msongo ulikuwa mdogo. Wageni walipokewa vizuri na majike, nao wakashika tabia waliyoikuta.

Na si kila jamii ya kima iko hivi. Mbega wekundu wa Kibale, Uganda, ndugu wa kima punju wa Zanzibar, wao madume ndio wanaobaki na majike ndio wanaohama, kwa hiyo ngazi za koo za kike nilizoeleza hazipo. Nasema hili ili mwanafunzi akienda Jozani, msitu wa kima punju huko Zanzibar, asitafute kule alichokiona Mikumi.

Limebaki swali lako la barabara. Ndiyo, chakula kinachorushwa kinaongeza ugomvi, na sababu yake ni rahisi. Chakula cha asili cha nyani kimetawanyika: mbegu za nyasi, mizizi, maua, wadudu, ukwaju mmoja hapa mwingine pale. Aliyenyang'anywa tunda moja anahama hatua tano na kupata jingine, kama mlivyoona. Mkungu wa ndizi au mfuko wa mikate ukitupwa kando ya lami ndani ya Mikumi unakuwa lundo moja, lenye shibe kubwa, linaloweza kumilikiwa na mmoja. Hapo cheo kinakuwa na thamani ambayo porini hakina. Madume na ukoo wa juu wanashika lundo, wa chini wanazunguka pembeni na kung'atwa, na vichanga vilivyo mgongoni mwa mama vinaingia katikati ya vurugu, malori yakipita. Kuwalisha wanyama hifadhini kumekatazwa, na katazo hilo nalitetea kwa moyo wote, si kwa sababu nyani wanageuka wezi tu, bali kwa sababu tunawafanya wawe wakorofi wenyewe kwa wenyewe kuliko walivyo. Kwenu shuleni, jalala la jikoni lifunikwe, na mtoto asiwasogelee akiwa na chakula mkononi, wala asimkazie dume macho, maana kwao hicho ni kitisho. Mita thelathini zinatosha kuona kila kitu.

Kama wanafunzi wanataka kuendelea, wafundishe njia aliyoieleza Jeanne Altmann mwaka 1974, ambayo watafiti wa wanyama duniani kote wanaitumia mpaka leo. Hatari ya mtazamaji ni kuandika kile tu kinachovuta macho. Akiandika kelele tu, daftari litasema nyani kazi yao ni kupigana. Basi mchague nyani mmoja kabla ya kuanza, kwa kura, mumfuate kwa macho dakika kumi, na kila dakika muandike anafanya nini na nani yuko karibu naye, hata kama amelala tu. Zikiisha, mhamie mwingine. Ukurasa wa pili uwe wa kupishana peke yake: nani kampisha nani, bila kuandika sababu. Baada ya muhula mmoja, chora jedwali la majina na ulisome pamoja nao. Anzeni na jike wa mkia uliokatika, na mwandike kila anayekaa kumpekua.